Barafu ya Ruhuhu

Mtu asimamaye Lituhi wakati wa adhuhuri mwezi wa Novemba, mvua zikiwa bado hazijakata shauri la kunyesha, na mchanga wa ufukoni ukimchoma nyayo hata akawa anatembea kwa kurukaruka, ni taabu kumsadikisha kwamba katika bonde lile lile, mashariki kidogo ya pale mto Ruhuhu unapomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, palikuwa na barafu. Wala si barafu ya kununuliwa dukani, bali barafu ya zama, iliyoshuka kutoka nyanda za juu kwa uzito wake yenyewe, ikang'oa majabali na kuyasaga kama jiwe la kusagia lisagavyo ulezi. Mimi nilijaribu siku moja kumsadikisha mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akishona nyavu zake. Alinisikiliza kwa adabu, akakata uzi kwa meno, kisha akaniuliza swali moja tu: "Sasa, Mwalimu, barafu hiyo ilikwenda wapi?"

Swali lile lilinishinda siku ile, na taarikhi nitakayoisimulia hapa ni taarikhi ya watu waliohangaika kulijibu, wengine kwa kusafiri mpaka kwenye barafu ya upande wa kibla, huko Bahari ya Aktiki na kisiwa cha Greenland, na wengine kwa kuchimba katika bonde letu hili la Ruhuhu. Na jambo la ajabu ni kwamba makundi haya mawili, ambayo aghalabu hayakujuana, yalikuwa yakisoma kitabu kimoja, kila kundi likishika kurasa zake.

Habari za barafu na habari za Nyasa zilikutana kwanza katika kosa la mtu mmoja. William Desborough Cooley alikuwa mwanajiografia wa London ambaye hakupata kutia mguu katika bara la Afrika Mashariki, lakini alijiona anaijua kuliko waliofika. Mwaka 1845, akitegemea sana maneno ya mfanyabiashara wa pwani, Khamis bin Uthman, aliyekuwa amefika Uingereza katika miaka ya 1830, Cooley alichapisha maelezo juu ya ziwa kubwa la bara aliloliita N'yassi, na katika ramani yake Nyasa na Tanganyika yakawa ziwa moja refu lisilo na kikomo. Miaka mitatu baadaye, tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, akaona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake, Bwana Kheri, kile cheupe ni kitu gani, alijibiwa kwa neno moja tu, kwamba ile ni baridi. Na kwa hakika Bwana Kheri hakukosea, kwa kuwa mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la theluji, ila jina la kile ambacho theluji humfanyia mtu. Lakini Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta, alisema, ni njozi ya macho ya mmisionari. Akabaki na ukaidi wake hata baada ya Burton na Speke kufika Tanganyika mwaka 1858 na Livingstone kufika Nyasa Septemba 1859, wakaonyesha kwamba maziwa ni mawili, na hata baada ya Baron von der Decken kupanda Kilimanjaro mwaka 1862 na kunyeshewa na theluji ile ile iliyodaiwa kuwa haipo.

Rebmann huyo huyo, naongeza kwa kuwa watu wa Nyasa wanastahili kulijua, ndiye aliyeandika kamusi ya Kinyasa huko Rabai kutoka kinywani mwa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyekuwa amenyakuliwa kutoka nchi za ziwa. Kamusi hiyo ilitolewa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Basi mtu wa kwanza kutoka Ulaya aliyeandika juu ya theluji ya Afrika Mashariki alikuwa pia mwanafunzi wa mtu wa ziwa letu.

Katika zama hizo hizo mambo ya kutatanisha yalikuwa yakizuka mahali pengine. Mwaka 1856, huko Talchir katika Bara Hindi, wapimaji wa miamba walikuta chini ya makaa ya mawe tabaka la matope magumu lililochanganyika na mawe makubwa kwa madogo, bila mpango, kana kwamba yamemwagwa kutoka katika gunia. Na baadhi ya mawe hayo yalikuwa na mikwaruzo iliyonyooka. Mwanachuoni wa miamba akiona mikwaruzo ya namna hiyo hushtuka, kwa sababu maji hulainisha jiwe na upepo hulitoboa, lakini kitu kinacholishika jiwe kwa nguvu na kulikokota juu ya jiwe jingine kwa mstari mnyoofu aghalabu ni barafu. Tabaka kama hilo likaonekana Afrika ya Kusini, Australia na Amerika ya Kusini, na daima juu yake pamekaa makaa ya mawe yenye chapa za majani ya mti mmoja uliokwisha kutoweka, Glossopteris, yenye umbo la ulimi. Barafu katika nchi za joto, na jani moja katika mabara yaliyotenganishwa na bahari: watu walijaribu kueleza kwa kubuni madaraja ya nchi kavu yaliyozama baharini. Yalikuwa madaraja mengi mno, na kila mwenye shida alijenga lake.

Katika miaka ya 1890 serikali ya Kijerumani ilimtuma Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi, kuipima nchi ya kusini ya koloni lake. Yeye ndiye aliyewapa wanajiografia wa dunia jina la vilima vile vya mwamba vinavyosimama peke yake katika uwanda kama visiwa baharini. Akafika pia Ruhuhu, akayaona makaa ya mawe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1900. Wajerumani walitaka makaa kwa ajili ya meli yao ya Nyasa, Hermann von Wissmann, iliyoanza kuelea mwaka 1893. Bornhardt alifika kutafuta moto wa kuchemshia maji ya meli, na chini ya moto ule ndipo ilipokuwa imelala baridi; lakini hakuja kuitafuta baridi.

Mtu aliyekuja kuunganisha moto na baridi alikuwa mtoto wa kasisi wa Berlin, Alfred Wegener, aliyezaliwa tarehe 1 Novemba 1880. Fani yake ilikuwa hali ya hewa, si miamba. Mwaka 1906 yeye na ndugu yake Kurt walikaa angani ndani ya puto kwa zaidi ya saa 52 mfululizo, muda ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia, na mwaka huo huo akafuata msafara wa Kidenmark kwenda kaskazini mashariki ya Greenland, akakaa huko mpaka 1908 akirusha tiara na maputo madogo yaliyobeba vipimo vya joto na upepo. Wakati huo elimu ya Aktiki ilikuwa imeanza kuacha mashindano ya bendera. Mwaka 1882 na 1883 mataifa kadhaa yalikuwa yamekubaliana kuweka vituo vya kupimia hewa na sumaku ya dunia kuzunguka ncha, kwa mwaka mmoja na kwa utaratibu mmoja. Na msafiri wa Aktiki Nansen, kati ya 1893 na 1896, aliiacha merikebu yake Fram ikamatwe na barafu makusudi ili aone inasukumwa upande gani. Ninapenda sana kisa cha Fram, kwa maana ni mara chache nahodha hushangiliwa kwa kukwama.

Wegener aliona barafu ya bahari ikipasuka, vipande vikaachana, kingo za kipande kimoja zikilingana na za kile kilichokiacha kama vigae vya chungu kilichovunjika. Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, akasimama mbele ya wanavyuoni wa miamba akawaambia kwamba mabara nayo ni vipande vya namna hiyo: kwamba Afrika, Bara Hindi, Australia, Amerika ya Kusini na nchi ya ncha ya kusini zilikuwa nchi moja, zilikaa karibu na ncha hiyo, zikafunikwa na barafu kwa pamoja, kisha zikaachana na kusafiri. Barafu haikutembea kwenda popote. Iliyotembea ni nchi. Hapo ndipo lilipo jawabu la swali la mzee wa Lituhi, nami sikulijua siku ile.

Miezi michache baada ya kusema hayo Wegener alirudi Greenland pamoja na Mdenmark J. P. Koch na wenzao wawili, wakapitisha majira ya baridi juu ya barafu yenyewe, na mwaka 1913 wakalivuka jangwa lile jeupe upande hadi upande, wakiwa na farasi wadogo wa Iceland ambao hakuna hata mmoja aliyefika mwisho wa safari. Vita Vikuu vilipozuka Agosti 1914, mwezi ule ule meli ya Kiingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ikiwa nchi kavu katika bandari ya Liuli, Wajerumani wake wakiwa hawajapata hata habari kwamba vita imeanza, Wegener aliitwa jeshini. Alijeruhiwa mara mbili. Kitabu chake cha asili ya mabara na bahari, kilichotoka mwaka 1915, alikiandika akiwa katika mapumziko ya majeruhi, na mwaka 1924, pamoja na mkwewe Wladimir Köppen, akaongeza kitabu cha hali za hewa za zama zilizopita. Wakubwa wa elimu wa Uingereza na Marekani walimcheka. Walimwambia: taja nguvu inayoweza kulisukuma bara. Hakuweza kuitaja kwa kuridhisha, na katika hilo wenye kumcheka walikuwa na haki. Lakini walitumia haki yao hiyo kukataa hata kuyatazama mawe.

Safari yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1930. Alikusudia kupima unene wa barafu ya Greenland kwa kulipua baruti na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye mwamba wa chini, na kupima hewa mwaka mzima katika kituo cha Eismitte, yaani Katikati ya Barafu, yapata kilomita 400 kutoka pwani. Vyombo vyenye injini vilikwama, chakula cha kituo hakikufika cha kutosha, majira yakaharibika. Wegener akatoka mwenyewe na vigari vya kukokotwa na mbwa, akifuatana na Fritz Loewe na vijana wa Greenland ambao, mmoja baada ya mmoja, walirudi nyuma kwa baridi, hata akabaki mmoja tu, Rasmus Villumsen. Walifika Eismitte tarehe 30 Oktoba, baridi ikiwa imepita nyuzi 50 chini ya sifuri. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimekufa, na Johannes Georgi, aliyekuwapo kituoni, alivikata kwa kisu cha mfukoni, kwa sababu hapakuwa na kingine. Kwa kuwa chakula hakikuwatosha wote, tarehe 1 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener akaaga na kurudi pwani na Villumsen.

Hawakufika. Mwezi wa Mei 1931 waliotumwa kuwatafuta waliziona mbao za kutelezea za Wegener zimesimamishwa wima katika theluji, na chini yake mwili wake umelazwa, umeshonewa katika vifuniko vya mfuko wa kulalia kwa uangalifu wa mtu asiyekuwa na haraka. Villumsen ndiye aliyemzika. Kisha akachukua daftari za bwana wake akaendelea peke yake upande wa magharibi, na tangu hapo hakuonekana tena, yeye wala daftari. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Wegener. Juu ya kijana yule, aliyeshona sanda katika baridi ambayo sindano hunata kwenye ngozi, hupewa mistari miwili. Nasi wa Ruhuhu tunaijua hesabu ya namna hiyo.

Maana miaka hiyo hiyo G. M. Stockley, wa idara ya jiolojia ya Tanganyika, alikuwa akizunguka bonde letu na wapagazi wake, na maelezo yake ya uwanja wa makaa ya Ruhuhu yalichapishwa mwaka 1932. Aliyapanga matabaka kutoka chini kwenda juu, akayapa namba, na katika mawili ya matabaka hayo akakuta mifupa iliyogeuka kuwa mawe, moja akaliita la mifupa ya chini na jingine la mifupa ya juu. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington kutoka Cambridge. Akafuata Ernst Nowack, Mwaustria, aliyekusanya kati ya 1934 na 1936, mifupa yake ikaenda Tübingen kwa Friedrich von Huene. Masanduku yalibebwa kichwani hadi ziwani au barabarani. Majina ya waliobeba, na ya wale walioelekeza kwa kidole, kwamba kule kwenye korongo la fulani kuna mawe yanayofanana na mifupa ya ng'ombe, hayamo katika majina ya wanyama waliopatikana, ijapokuwa ya wageni yamo: yuko Parringtonia, na wengine wengi wa jinsi hiyo.

Katika vitu alivyochukua Parrington kulikuwa na mfupa wa mkono wa juu na pingili kadhaa za uti wa mgongo. Alan Charig, mwanafunzi wa Cambridge, aliviandika katika tasnifu yake miaka ya 1950, akaenda Ruhuhu mwenyewe na msafara wa mwaka 1963, akampa mnyama jina la Nyasasaurus, lakini hakupata kulichapisha kwa utaratibu unaokubalika hata akafa mwaka 1997. Mifupa ikaendelea kungoja ndani ya saraka ya makumbusho. Maelezo kamili yalitoka mwishoni mwa mwaka 2012, yameandikwa na Sterling Nesbitt na wenzake, na jina la Charig limo miongoni mwa waandishi, miaka 15 baada ya kuzikwa kwake. Wanasema mnyama huyo, aliyeishi yapata miaka milioni 240 iliyopita, ama ndiye dinosauria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu kabisa. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametangazwa mwenzake wa mawe ya Manda, akapewa jina ambalo mtoto wa darasa la kwanza Lituhi analielewa bila mkalimani: Asilisaurus kongwe.

Lakini mifupa ni ghorofa ya juu. Barafu iko chini kabisa, chini ya makaa ya Mchuchuma, katika tabaka ambalo wataalamu huliita Idusi, lililochunguzwa kwa makini na Heinz Wopfner na wenzake katika miaka ya 1980 na 1990. Humo mna yale yale ya Talchir: mawe ya kila kimo yaliyochanganyika katika matope magumu bila kupangwa, na juu yake, udongo mwembamba wa ziwa la kale, tabaka juu ya tabaka kama kurasa, ambamo ghafla limekaa jiwe zima, kurasa za chini yake zimebonyea. Jiwe lile lilidondoka kutoka katika kipande cha barafu kilichokuwa kikielea na kuyeyuka. Mtu anaweza kuuweka mkono wake juu ya mbonyeo ule. Ni alama ya dakika moja, ya jiwe kugusa matope, katika siku moja ya karibu miaka milioni 300 iliyopita, katika ziwa lililokuwa hapa kabla ya Nyasa kufikiriwa, wakati Ruhuhu ilipokuwa jirani ya ncha ya kusini. Juu ya hapo joto linapanda polepole, Glossopteris anaota katika vinamasi, makaa yanaanza.

Elimu ya Greenland nayo haikukoma kwa kifo cha Wegener. Katika majira yale yale ya baridi, Ernst Sorge alichimba shimo la mita 15 chini ya kituo cha Eismitte, akapima uzito wa theluji hatua kwa hatua, akagundua kwamba kila mwaka umeacha tabaka lake na kwamba anaweza kuihesabu miaka kwa kushuka ngazi. Mwaka 1966 Wamarekani walitoboa barafu huko Camp Century, mita 1,387, mpaka mwamba. Na Mdenmark Willi Dansgaard akasoma ndani ya barafu ile joto na baridi ya miaka 100,000. Mbinu ikashuka mpaka kwetu. Mwaka 2000 Lonnie Thompson alitoboa barafu ya Kilimanjaro, ile baridi ya Bwana Kheri, akakuta ya chini ina umri wa karibu miaka 11,700. Alibashiri pia kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na mlima, kwa inda yake, bado umeishika iliyobaki.

Mwaka 2005 ikawa zamu ya Nyasa. Tishali liitwalo Viphya lilifungwa mtambo, likasimamishwa katikati ya ziwa juu ya maji ya mita 592, bomba likashushwa hadi chini likachukua matope ya mita 380 kwenda ndani. Wavuvi wa pande zote wanajua kwa nini matope yale yana kurasa, japo hawakupata kuyaona: upepo wa mwera unapovuma wakati wa kipupwe huyachokoza maji ya chini yakapanda, viumbe vidogo vyenye gamba la kioo vikazaana, vikafa, vikaacha utepe mweupe; na masika mito, na Ruhuhu ni mmoja wa mikubwa, huleta udongo, ukawa utepe wa giza. Katika matope hayo ikaonekana kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita ulipita ukame ambao ziwa lilishuka zaidi ya mita 600, likabaki dimbwi la chumvi katikati ya jangwa. Mtu angetembea kwa miguu kutoka hapa kwenda ng'ambo, kama angepata maji ya kunywa njiani.

Niliporudi Lituhi nilimtafuta yule mzee. Nilimkuta ufukoni anatia nyavu mtumbwini, jua limeanza kulala juu ya milima ya ng'ambo. Nikamwamkia, nikamwambia kwamba jawabu lake nimelipata: barafu haikwenda popote, ni nchi hii iliyoondoka ikaiacha. Nilitarajia kicheko. Yeye aliendelea kupanga nyavu, kisha akasema kwamba kila mvuvi aliyepata kushikwa na usingizi majini analijua jambo hilo, kwa kuwa huamka akaiona Manda imekaa mahali pa Lituhi, na kwa kitambo kidogo, kabla akili haijarudi, huikasirikia Manda.

"Nipatie hiyo nanga, Mwalimu," akaniambia.

Ilikuwa jiwe la mtoni, jeusi, zito kuliko nilivyodhani, limefungwa kamba ya katani kiunoni. Nililigeuza mara mbili kutafuta mikwaruzo. Akaninyang'anya taratibu, akalitia chini ya miguu yake, akasukuma mtumbwi kwa pondo.